Mashine ya tupa kwa karakana ya nyumbani: ipi ununue, ipi uunde ukiwa Mombasa

Kabla hujauliza bei ya mashine, uliza tupa. Mashine hii huchezesha tupa iliyosimama wima katikati ya meza, juu chini, juu chini, huku mikono yako miwili ikiongoza kazi, yaani kipande unachokichonga. Tupa zake maalumu hukata zikishuka, ndipo kazi ikagandamana na meza. Maduka ya Mombasa yana tupa za mkono, na meno ya hizo yanaelekea nchani. Ukiibana kwa mkia, upande wa mpini, itakata ikipanda, iinue kazi na kukugonga vidole. Dawa ni kuigeuza: ncha chini, mkia juu. Mashine isiyokubali hivyo siitaki hata ya bure.

1. Unda mwenyewe. Hii ndiyo chaguo langu. Mota ya fezi moja ya robo hospawa inatosha. Nyingi huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika, kasi ambayo itaua tupa upesi. Puli ya milimita 50 kwenye mota na ya 175 kwenye shafti itakupa mipigo 400, inayofaa shaba na alumini. Kwa chuma kigumu shuka hadi 200 au chini yake. Kwenye shafti funga sahani yenye pini iliyokaa milimita 15 kutoka katikati, na pini icheze ndani ya mfereji wa kipande cha mlalo kilichoshika fimbo ya tupa. Mwendo utakuwa milimita 30.

Fimbo yenyewe itafute kwa wauza skrepa wa Shimanzi: ya shokamzoba iliyokufa. Imenyooka, ni ngumu, na imepakwa kromu, kwa hivyo hewa yetu ya chumvi haiili haraka. Ila shokamzoba nyingine zina gesi yenye shinikizo; zitobolewe taratibu na anayezijua kabla ya kukatwa. Bushi za shaba, yaani mirija ambamo fimbo huteleza, na sahani mpelekee fundi wa kerezo. Yaliyobaki ni grenda, drili na kuchomelea. Usisahau kifuniko cha ngozi au raba chini ya meza, la sivyo unga wa chuma utazila bushi.

Kwa matundu ya mviringo, nunua tupa za kunolea msumeno wa mnyororo, za milimita 4 hadi 5.5. Hazichongoki, unene ni mmoja mwanzo mwisho.

2. Jigsaw, ule msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi, iliyopinduliwa chini ya meza. Rahisi kuliko zote, na msumeno wenyewe unabaki mzima kwa kazi zake. Chukua yenye kasi ya kurekebishwa, uiweke ya chini kabisa, na uzime ule mtikiso wa mbele na nyuma. Tupa haina mshiko wa juu, kwa hivyo ukisukuma kwa nguvu inapinda, na tupa haipindi mara mbili: inakatika. Vaa miwani.

3. Mashine kuukuu kutoka Marekani au Ulaya. Ni tamu kutumia, meza yake huinama kwa digrii. Lakini ni chuma kizito cha kusafirisha na kulipia bandarini, na za Marekani nyingi huja na mota ya volti 110. Hapa umeme ni 240, kwa hivyo hesabu mota mpya tangu mwanzo.

4. Cherehani kuukuu. Kwa vito na bati jembamba la shaba, sawa. Chuma cha milimita 6 usijaribu.