Shadow Boost ya Fallout 4: sikulazimika tena kuchagua kati ya kivuli na fps

Wadau, hii modi (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji) nimekaa nayo wiki sita kabla sijaandika chochote, manake modi za kuongeza fps (idadi ya picha, au fremu, kwa sekunde) nimeshaweka nyingi na ukizipima kwa utulivu unakuta nyingi zimekuondolea nyasi na ukungu tu afu basi. Shadow Boost yenyewe haikuondolei kitu moja kwa moja. Inachofanya ni kuuvuta na kuuachia umbali wa vivuli wakati unacheza, fps ikishuka vivuli vya mbali vinakatwa, fps ikipanda vinarudishwa, na wewe huna haja ya kufungua menyu yoyote. Naipa 8 kati ya 10 na hizo 2 zilizopungua ntazieleza huko mbele.

Kwanza hali yangu ilivyokuwa. Fallout 4 ni gemu ya Novemba 2015 kwa hiyo mtu anaweza kudhani kompyuta yoyote ya sasa inaimeza, na kweli ukiwa Sanctuary au pale Concord, sehemu za mwanzo wa gemu, unapata 60 zako bila shida hata ukiwa na modi 140 kama mimi. Sasa ingia katikati ya Boston. Ukishapita Diamond City ukaelekea kule kwenye maghorofa, fps yangu ilikuwa inaporomoka mpaka 34, 38 ikijitahidi, na si kwamba inashuka afu inatulia, hapana, inashuka inapanda inashuka kila ukigeuza kichwa, na hiyo ndo inachosha macho kuliko hata 40 iliyotulia. Ukipiga hesabu fremu moja kwenye 60 inachukua milisekunde 16.7 hivi, kwenye 34 ni karibu 29, yaani karibu mara mbili, na hiyo tofauti mkono wako unaihisi kabisa ukiwa unalenga bunduki.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anaanza nacho, nikashusha ubora wa kivuli. Kwenye Fallout4Prefs.ini (faili la mipangilio ya gemu) kuna mstari wa iShadowMapResolution, mi nilikuwa na 4096 nikaweka 2048, nikaingia tena mjini nikasimama palepale na sevu ileile, nikapata 39. Nikashusha hadi 1024, vivuli vikawa na meno meno kama ngazi, uso wa mtu ukawa na madoa meusi yanayotembea, na fps? 39 na kitu. Yaani nimeharibu picha yote kwa fremu moja. Hapo ndo nikajua natibu sehemu isiyoumwa.

Na hii naomba niieleze taratibu manake watu wengi wanapoteza siku nzima hapa. Kivuli cha jua kwenye gemu kama hii kinatengenezwa kwa kuichora dunia mara ya pili, safari hii kama vile macho yako yapo kwenye jua, kila ukuta, kila mti, kila gari bovu lililo ndani ya umbali wa kivuli linachorwa tena ili kujua mwanga unafika wapi na haufiki wapi. Hiyo namba ya 2048 au 4096 ni ukubwa wa karatasi tu ambayo hiyo picha ya jua inachorwa juu yake, na ukubwa wa karatasi ni mzigo wa kadi ya grafiki (na ukitoka 2048 kwenda 4096 ujue ni nukta mara nne, sio mara mbili, manake unazidisha upana na urefu). Lakini idadi ya vitu vinavyochorwa haijabadilika hata kimoja! Kila kitu bado prosesa inabidi itoe amri ya kukichora, na Boston ina vitu vingi vidogo vidogo vimerundikana, kwa hiyo pale mjini prosesa ndo inayolemewa wakati kadi ya grafiki imekaa inasubiri. Kinachopunguza idadi ya vitu ni umbali, mstari unaitwa fDirShadowDistance. Ukiwa Ultra (kiwango cha juu kabisa cha picha) ni 20000, ukishuka kwenye ile ya kati ni 3000. Niliposhusha umbali peke yake na kurudisha 4096 yangu, palepale nilipokuwa napata 38 nikapata 51.

Shida ya 3000 ni kwamba ukirudi porini inauma. Unasimama kilimani unaangalia bonde jua likiwa linazama na miti yote ya mbali haina kivuli, imeng'aa sawasawa kama imekatwa kwenye karatasi, uzuri wote wa ile saa umeondoka. Na porini prosesa ina nafasi tele, haina sababu ya kunyimwa. Ndo maana namba moja ya kudumu haiwezi kufaa gemu yote, mjini ni kubwa mno, porini ni ndogo mno. Modi hii inatatua hilo hasa.

Kuiweka ni kazi ndogo, kuna faili la mipangilio unaandika fps unayoitaka, umbali mfupi kabisa unaokubali na mrefu kabisa. Mimi nimeweka 57, 2500 na 11000.

Kwa nini 57 na sio 60? Hapa nilikosea siku ya kwanza. Gemu yangu imefungwa isizidi 60, na hii gemu ni vizuri ikae hapo kama hujaweka modi ya kurekebisha, manake kasi ya dunia yake imeungana na fps, ukiiachia iende 100 na kitu kwenye monita ya hezi 144 watu wanakimbia kupita kiasi na unaweza kunasa kwenye terminali (kompyuta za ndani ya gemu) ukashindwa kutoka (modi ya High FPS Physics Fix inatibu hilo, lakini hiyo ni stori nyingine). Sasa ukiiambia modi ikutafutie 60 wakati dari yenyewe ni 60, haitaona ziada hata siku moja, fremu ikiyumba kidogo tu hadi 59 inahesabu umepungukiwa na inaanza kukata kivuli hata ukiwa porini kwenye uwazi. Nilipoweka 57 ikapata pa kupumulia, porini umbali unafika 11000 na unakaa hapohapo.

Matokeo mjini: maeneo mengi ya katikati sasa hivi yanakaa kati ya 52 na 56, na cha maana zaidi ile kuyumba imeisha karibu yote. Kile kitu cha kugeuza kichwa picha ikashtuka hakitokei tena isipokuwa sehemu moja mbili. Jamani raha yake huwezi kuielewa kama hujawahi kupigana na super mutant kwenye ghorofa picha ikiwa inakatika katika.

Halafu kuna kitu sikukitegemea kabisa, vivuli vya karibu vimekuwa vikali zaidi. Nikadhani macho yangu, nikapiga picha za skrini nikalinganisha, kweli kabisa, kivuli cha ngazi ya chuma na cha waya wa umeme kwenye lami kimenyooka kuliko nilipokuwa Ultra. Ukifikiria ina mantiki, karatasi ni ileile ila inafunika eneo dogo, kwa hiyo kila hatua ya ardhi inapata nukta nyingi zaidi. Kwa hiyo wewe mwenye 4096 na 20000 unalipa gharama kubwa kupata vivuli hafifu miguuni kwako! Ndo maana na mimi nimekaa kwenye 2048 siku hizi, kwa umbali huu inatosha na kadi ya grafiki imebaki na nafasi ya tekscha (picha zinazofunika uso wa vitu).

Sasa zile alama 2. Ya kwanza, ukata wa kivuli unaonekana. Ukiwa unatoka porini unaingia mjini mbio mbio unaona kivuli cha jengo la mbele kinayeyuka, afu ukigeukia upande ulio wazi kinarudi. Ukiacha pengo kubwa kati ya umbali mfupi na mrefu ndo inakuwa mbaya, mwanzo nilikuwa na 1000 mpaka 20000 na ilikuwa inavuta kama pazia. Kuibana mpaka 2500 na 11000 kumepunguza sana, haijaisha lakini. Mwenye macho ya kuudhika na vitu vinavyotokea na kupotea ajue hilo mapema. Ya pili, inahusu kivuli cha jua, kwa hiyo ndani ya majengo yenye taa nyingi fps ikishuka usitegemee itakuokoa.

Na kuna jambo ambalo si kosa la modi ila watu wanailaumu bure. Gemu hii imekuja na majengo yaliyounganishwa tayari, vipande vingi vya mtaa vimefanywa kitu kimoja kikubwa ili prosesa itoe amri moja badala ya mia, na imehesabu kabisa ukiwa hapa nini kinaonekana na nini kimejificha nyuma ya ukuta. Modi zinazogusa vitu vya mtaani, zile za kufuta takataka au kupanda miti kila kona, zinavunja huo muungano, na ukivunjika kila tofali linarudi kuwa kitu peke yake, linachorwa mara moja kwenye picha na mara nyingine kwenye kivuli. Hapo Shadow Boost itakata umbali mpaka mwisho na bado utakuwa kwenye 40. Weka PRP kwanza (Previsibines Repair Pack, modi inayorekebisha huo muungano), iweke chini kwenye mpangilio wako ili isifunikwe na modi nyingine, ndo uje huku. Mimi nilifanya kinyume na nikapoteza jioni mbili.

Angalia pia toleo la gemu yako kabla ya kupakua. Modi za aina hii zinagusa programu ya gemu yenyewe, apdeti ya Aprili 2024 ilizivunja nyingi, kwa hiyo pakua ile iliyoandikwa toleo lako na uzime apdeti za kujiendesha zenyewe.

Miale ya jua nimeiacha kwenye ya chini, kwa macho yangu tofauti na Ultra ni ndogo na gharama yake ni kubwa, hiyo hata sikuifikiria mara mbili. Kilichobaki ni pale karibu na Faneuil Hall, bado nashuka hadi 47 nikiangalia upande wa maghorofa, umbali ukiwa umeshafika 2500 na hauna pa kwenda tena. Wiki hii nitazima modi zangu za miti moja moja nione ni ipi.