Kuongeza lizi ya flati Uingereza: uzoefu wangu na mthamini na wakili niliowatumia

Kwa pamoja nawapa nyota nne kwa tano, mthamini angekuwa peke yake ningempa tano zote. Naandika kwa ajili ya wenzetu wenye flati England na Wales (Scotland wana sheria zao nyingine kabisa) maana wengi tunanunua, tunalipa mogeji (mkopo wa nyumba) kila mwezi, alafu hakuna anayetukalisha chini akatuambia kwamba hiyo flati umepewa kwa miaka tu, hiyo ndo lizi yenyewe, jengo na ardhi ni vya mtu mwingine, na miaka yenyewe inapungua ukilala ukiamka.

Yangu ilikuwa imebakiza miaka 82 na kidogo. Mtu anasikia 82 anaona mingi, nani ataimaliza, lakini namba ya kuogopa ni 80. Ikishuka chini ya hapo hata kwa siku moja bei ya kuongeza inapanda, kwasababu ile thamani inayozaliwa flati ikishapata lizi ndefu itabidi mgawane nusu kwa nusu na mwenye jengo, wakati ukiwa juu ya 80 hiyo nusu humpi. Na ukiiacha izidi kuteremka, huko kwenye 70 na kushuka, benki nyingi zinaanza kusita kumkopesha anayetaka kukununulia.

Sasa mwenye jengo wetu alituandikia barua wapangaji wote (yani sisi wenye lizi), nzuri kweli, ya kirafiki, anasema ataturudishia lizi iwe miaka 99 na mambo yataisha haraka bila usumbufu, ila tujibu upesi. Majirani kadhaa walitaka kusaini. Mi nikampelekea mthamini ile barua kabla ya kitu kingine chochote na hapo ndo nilijua pesa yake ni halali. Akanionyesha kwamba kutoka 82 kwenda 99 napewa miaka 17, na kodi ya ardhi (ground rent, ile anayolipwa mwenye jengo) naendelea kuilipa kwa miaka yote iliyobaki kwenye lizi ya zamani. Nikipita njia ya sheria, ile ya mwaka 1993, napata miaka 90 juu ya niliyo nayo, yani 172, na kodi ya ardhi inakuwa sifuri hapohapo. Alafu bei ya kwenye barua ilikuwa karibu sawa na bei aliyonipigia yeye kwa hiyo miaka 90! Nilikasirika sana, sio kwa ajili yangu tu, ghorofa ya chini kuna mama mtu mzima anaishi peke yake na alikuwa ameshashika kalamu.

Kilichonifurahisha kwa mthamini ni kwamba hakunipa namba moja, alinipa ya kuanzia, ya kumalizia inayowezekana, na mbaya zaidi nikikosa bahati, kwahiyo nilijipanga kifedha mapema. Na anaijua mitaa ile, anajua flati za hapo zimeuzwaje, hiyo ndo silaha wakati wa kubishana na mthamini wa upande wa pili.

Wakili kazi yake ni notisi ya kudai nyongeza kwa mwenye jengo, wanaiita ya kifungu cha 42, cha hiyo sheria ya 1993. Ikishapelekwa tarehe ya kupiga hesabu inaganda siku hiyo, miaka ikishuka baadae haikuhusu. Humo unaandika bei unayotoa, iwe ya chini lakini ya kweli, ukiweka kituko notisi inaweza kutupwa. Mwenye jengo anapewa angalau miezi miwili ajibu, na wetu alijibu mwishoni mwishoni kabisa na bei ya kutisha. Usitishike, ndo mchezo wao. Hapa wakili nampongeza, maana kuanzia jibu lile una miezi sita ya kufika First-tier Tribunal (baraza la England linaloamua migogoro kama hii) kama hamjaelewana, ukipitisha muda huo notisi inahesabika umeifuta na huruhusiwi kupeleka nyingine mpaka miezi 12 ipite. Yeye alifungua maombi mapema, na baada ya hapo wale jamaa wakaanza kuongea vizuri tukamalizana kabla ya kusikilizwa, bei ikatua kati kati ya zile namba za mthamini.

Nyota niliyowanyima ni ya wakili. Emaili zinajibiwa kwa kuvutwa, na ishu ya gharama za upande wa pili aliitaja juu juu tu mwanzoni. Jueni hivi, kwa sheria ilivyo saa hivi mpangaji ndo analipa pia wakili na mthamini wa mwenye jengo, zile gharama za halali za kushughulikia notisi, ila za kubishana bei na za kule tribunal hazimo. Bili ilipokuja ilikuwa na vitu visivyomo, nikaomba mchanganuo, ikapungua. Na tafuteni wakili anayefanya hizi kazi za lizi kila siku, sio yule wa kununua na kuuza nyumba tu. Kabla ya kumlipa yeyote ongeeni na Leasehold Advisory Service, linagharamiwa na serikali, ushauri wao bure.

Wengi wananiuliza kama wasubiri ile sheria ya 2024 inayosema nyongeza iwe miaka 990 badala ya 90 na kufuta mgawano wa nusu kwa nusu. Imepitishwa ndio, lakini vipengele hivyo mpaka naandika hapa havijaanza kutumika. Aliye chini ya 80 tayari na hana haraka ya kuuza, namuelewa akisubiri. Aliye na 81 mi simshauri kabisa. Kilichoshaanza ni kwamba tangu tarehe 31 Januari 2025 sio lazima uwe umemiliki flati miaka miwili, kwahiyo hata ukinunua leo yenye lizi fupi unaweza kupeleka notisi mara tu ukisajiliwa Land Registry (daftari la serikali la wamiliki), na hiyo ni hoja nzuri ya kumshusha bei anayekuuzia.