Nililipia soketi: siku zangu wodini Mbeya, taya limefungwa waya

Nyota ngapi? Niliingia na tano mkononi, nikatoka na moja. Leo nimetulia kidogo, nasema mbili. Nikifika mwisho wa maelezo haya inaweza kushuka tena.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Bodaboda iliniangusha kwenye utelezi, taya likavunjika sehemu mbili. Daktari kule Mbeya mjini akasema nitapasuliwa, kisha meno ya juu na ya chini yafungwe pamoja kwa waya, wiki sita hivi. Kuhusu upasuaji sina neno. Nilipigwa nusu kaputi, nikaamka, taya liko mahali pake. Anayetaka zaidi asiniulize mimi, nilikuwa nimelala.

Mimi naongelea chumba.

Nilijiandaa kuliko bwana harusi. Daktari alikuwa ameshasema: hakuna kutafuna, chakula chote kiwe cha maji, na mtu wa namna hiyo asipolishwa mara kwa mara anakonda upesi. Basi nikapita Mwanjelwa nikanunua blenda. Mama watoto akafunga kiroba cha maparachichi ya nyumbani, maana parachichi na maziwa vikisagwa pamoja vinashibisha mtu bila jino kufanya kazi. Kwenye wodi ya pamoja soketi ni za kugombea, zote zimejaa chaja za simu. Kwa hiyo nikalipia chumba cha peke yangu, na hapa naomba nieleweke: sikulipia pazia, sikulipia televisheni. Nililipia soketi. Niliuliza mapokezi, wakati huo mdomo bado unafunguka: "Soketi ipo?" Dada akajibu, "Zipo mbili, kaka."

Hakusema uongo. Zilikuwepo mbili, na zote zimekufa.

Siku ya pili baada ya upasuaji uso wangu ulikuwa kama andazi (siku ya pili na ya tatu ndiyo uvimbe unafika kileleni, kioo kigeuze ukutani). Tangu jana yake ni dripu na maji tu. Mama watoto akachomeka blenda. Kimya. Akahamia soketi ya pili. Kimya. Juu taa inawaka, kwa hiyo umeme upo. Akamwita nesi. Nesi akaitazama blenda, soketi hata hakuziangalia.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kumsagia chakula, sista."

"Hapa tunauguza, mama, hatuuzi juisi."

Jamani. Mtu akikukosea una mdomo, mtamalizana. Mimi nilikuwa na daftari la mistari na kalamu ya bluu. Nikaandika: NIMELIPIA SOKETI. Akasoma. Nikamnyang'anya daftari, nikaongeza: NINA NJAA. Akasoma kwa sauti, kama mwalimu anayesahihisha insha ya darasa la nne, halafu akamgeukia mke wangu: "Mgonjwa wako anafoka mpaka kwenye karatasi." Akatoka anacheka. Hasira ikabaki kifuani haina pa kutokea. Hata kusonya kunataka midomo isiyovimba.

Fundi atakuja kesho, wakasema. Kesho ikazaa kesho. Maparachichi yamepangwa dirishani, nimelala nayatazama yanaiva, yanalegea, yanaanza kuwa meusi kwenye kikonyo. Siku hiyohiyo jikoni wakaniletea sahani ya makande. Makande! Mama watoto akayala yeye, akasema yameungwa vizuri. Nilinuna mpaka jioni.

Kilichoniokoa ni uji wa ulezi wa mama lishe mmoja nje ya geti. Mwepesi, unachujwa mara mbili kwa chujio la chai, unavutwa kwa bomba kubwa la sindano lenye mrija mfupi wa mpira badala ya sindano, unasukumwa polepole nyuma ya jino la mwisho, kule kuna upenyo. Msidanganywe na mrija wa soda, midomo imekufa ganzi, utavuta nini? Na mafuta ya kupaka midomo msiyasahau, wala mto wa ziada wa kuinua kichwa, wala blanketi kama ni miezi ya baridi, mnaijua Mbeya. Wageni wa vyumba vya jirani walikuwa wakinisalimia "ugonile", mimi napandisha nyusi tu. Nadhani walinihesabu mtu wa maringo.

Sasa kitu kinachonichanganya. Nesi huyohuyo wa juisi, usiku wa kwanza, alifunga plaizi kwa kipande cha bandeji kwenye chuma cha kitanda, juu ya kichwa changu. Ukitapika meno yamefungwa unaweza kupaliwa, hapo waya zinakatwa papo hapo, hakuna kusubiri mtu aende stoo. Na kila zamu yake ya usiku alikuja na tochi, akaishika plaizi kuhakikisha ipo, akanirudishia blanketi begani, akaondoka. Mara mbili kwa usiku. Nikawa namsubiri, sifichi. Hapo ndipo nyota ya pili ilipotoka. Lakini mtu mwenye macho ya kukagua plaizi gizani, soketi mchana kweupe zilimshinda nini?

Siku ya kuruhusiwa, mama wa usafi akaiona blenda kwenye boksi lake. "Hii mbona hamkuitumia?" Mke wangu akamwonyesha ukuta. "Hizo zimekufa siku nyingi. Watu wote wa upande huu wanavuta ekstensheni kutoka pale koridoni." Pale koridoni! Hatua sita kutoka mlangoni. Wiki nzima soketi inachaji simu za watu, mimi nanyonya uji kwa bomba kama ndama aliyefiwa na mama, na hakuna aliyefungua mdomo wake mzima kuniambia.

Moja. Nimerudi kwenye moja.

Karibuni narudi kutolewa waya. Mama watoto ameshanunua ekstensheni ya mita tano, ipo kwenye begi. Nikamwandikia: SIKU HIYO HATULALI HUKO. Akasoma, akafunga zipu.

"Beba tu, baba."