"Madam, mwenye gari yuko wapi?"

Kama unaitamani Toyota Celica GT-Four RC, achana nayo. Nasema kwa uchungu. Gari halijanikosea, walionikosea ni wanaoligusa.

Majuzi nikipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, likaanza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta, linavuta kidogo, linalegea. Nikarudi Nakuru polepole hadi gereji moja niliyosifiwa sana. Fundi mkuu akafungua boneti, akanitazama juu mpaka chini. "Madam, mwenye gari yuko wapi?" Ni mimi. "Basi mwambie mzee anipigie." Mzee gani? Baba aliyeniachia gari hili tulishamzika.

Nikamwonyesha intakula, kile kifaa kinachopoza hewa inayosukumwa na turbo kuingia kwenye injini. Intakula za GT-Four za kawaida za umbo lile hupozwa kwa upepo. Hii hupozwa kwa maji, ina kipampu chake cha umeme. Nikamsihi aanzie hapo. Intakula hiyo ndiyo sababu ya RC kuundwa: sheria za Group A, daraja la magari ya mbio za rally, ziliwataka Toyota watengeneze magari 5,000 ya kuuzia watu kabla ya kushindana nayo. Ndiyo jamii ya Celica zilizozoa nafasi nne za kwanza Safari Rally ya 1993, na mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akashinda nayo. Baba alikuwa akinibeba mabegani tuzione zikipita na vumbi lake.

Akaitikia, "Sawa." Jioni nakuta intakula iko sakafuni kwenye oili, mipira yake miwili ya kupitishia maji imekatwa kwa kisu. Imekatwa! Klipu zinazoishika mipira hiyo hufunguliwa kwa bisibisi tu. "Tutakuwekea ya Subaru, madam. Hii ni ya kizamani." Nililia mbele yao, kisha nikaita gari la kuvuta.

Aliyeniokoa ni kijana wa jua kali. Alirudisha intakula mahali pake kwa mipira mipya, kisha akafuata waya wa pampu hadi kwenye soketi, akakuta kutu ya kijani. Akaisugua kwa msasa, akanishika kidole na kukiweka juu ya pampu: inatetemeka. "Sikia, dada."

Tulipolijaribu barabara ya kupanda Menengai, turbo ikaamka, mgongo ukagandamana na kiti, nikapiga kelele kama mtoto. Nafuta niliyosema mwanzo. Linunue ukiwa na fundi wako. La, linunue tu, fundi utamtafuta.

Ile gereji bado wana klipu zangu mbili. Jumatatu nazifuata.