Kliniki ya wanawake: daktari nampa tano, mapokezi mbili

Daktari wa hapa hakukimbilia kusema "ni UTI" kama wengine. Aliuliza kuhusu maumivu chini ya kitovu, uchafu ukeni, maumivu wakati wa tendo, kisha akanipima kwa vidole. Alipogusa mlango wa kizazi, niliruka. Akasema dalili hiyo ina uzito sana, maana PID (maambukizi ya kizazi na mirija yake), aliyokuwa akiishuku, haina kipimo kimoja cha kuithibitisha. Alianza na kipimo cha mimba ili asije akakosa mimba ya nje ya kizazi, halafu akachukua sampuli ya klamidia na kisonono. Ultrasaundi ilitoka safi, lakini dawa alianza bila kusubiri majibu. Kuchelewa kunaweza kuacha makovu kwenye mirija. Sindano ya ceftriaxone, kisha doxycycline na metronidazole kwa siku 14, na kurudi ndani ya saa 72 aone kama kuna nafuu. Mume naye atibiwe, tendo lisimame kwanza. (Alinuna, ila alienda.)

Mapokezi sasa! Dada aliniuliza "shida ni ukeni?" foleni nzima ikisikia. Na duka lao la dawa halikunionya kuhusu kichefuchefu cha metronidazole.