Chungu cha kuchujia maji: nimekaa nacho miezi 18

Maji yetu ya kunywa tunayateka kisimani, kisima cha wazi tunachotumia na majirani. Kabla ya chungu hiki tulikuwa tunachemsha. Lakini kuni zikiloa, au mama wa nyumba akiugua, watu wanayanywa hivyo hivyo yalivyotoka kisimani. Msimu mmoja wa mvua mwanangu wa mwisho aliharisha mara tatu. Mara ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani na hakuwa na machozi ya kulia. Baada ya hapo nikaenda kununua chujio la udongo.

Kwa asiyelijua: ni chungu kisicho na tundu lolote la kuonekana, kinaning'inia ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki. Mfinyanzi anachanganya udongo na unga wa mbao au pumba za mpunga zilizosagwa, kisha anachoma. Zile pumba zinaungua zote, na pale zilipokuwa panabaki vijitundu vidogo mno. Maji yanapenya, bakteria wengi na vijidudu vikubwa kuliko hao vinakwama. Chungu hupakwa pia madini ya fedha, yanayoua bakteria. Aliyebuni chombo hiki ni Fernando Mazariegos wa Guatemala, mwaka 1981, na siku hizi wafinyanzi wa nchi nyingi wanakitengeneza. Hakitaki umeme wala dawa ya kununua kila mwezi, na kwa nyumba kama yetu hilo ni jambo kubwa.

Sasa kasi yake. Kilipokuwa kipya nilikijaza pomoni, nikapima baada ya saa moja: lita mbili. Mvua zilipochanganya na maji kuwa ya tope, kikashuka hadi nusu lita. Sisi ni watu sita. Ikifika jioni ndoo ni tupu, watoto wana kiu, na kisima kipo pale pale. Chujio likiwa la polepole hivyo, watu watalikwepa, hata liwe zuri namna gani. Kilichonisaidia ni kuyaacha maji yatulie usiku kucha, asubuhi nayamimina juu kwa juu kupitia kitambaa cha pamba nilichokikunja mara nne. Chungu chenyewe nakisugua ndani kwa brashi laini na maji tu. Sabuni hapana, inaingia kwenye vile vitundu. Kikisuguliwa kinarudi karibu na kasi yake ya kwanza.

Jambo lililoniuma ni hili. Mwezi wa tano mtoto akaharisha tena, nami nikakilaumu chungu. Mhudumu wa afya aliyekuja nyumbani hakukigusa kwanza. Aliniuliza, "Dada, ukiosha ndoo, chungu unakiweka wapi?" Nikamwonyesha: sakafuni. Akakiinua, akanionyesha kitako kilicholowa, mchanga umeganda. Maji safi yanadondoka kutoka pale pale. Halafu akafungua koki, akapitisha kidole kwa ndani, kikatoka na utelezi wa kijani. Nilikaa kimya. Maji yalikuwa yanachujwa vizuri, kisha mimi mwenyewe nayachafua. Tangu siku ile nakiweka juu ya mfuniko uliooshwa na kugeuzwa, ndoo na koki naosha kwa sabuni kila wiki, na hakuna anayechovya kikombe. Mtoto hajaharisha tena.

Muuzaji hakunieleza hata moja kati ya haya. Ndani ya boksi hamkuwa na karatasi ya maelezo, na mpira wa koki ulianza kuvuja mwezi wa tatu. Nilipouliza wa akiba, nikaambiwa ninunue seti nzima. Kumuuzia mtu chombo cha kulinda wanawe bila kumfundisha kukiosha ni kumwacha nusu ya njia.

Mjue pia kisichoweza. Virusi ni vidogo, vingine vinapita. Penye mlipuko wa homa ya ini, au hata kipindupindu ambacho ni cha bakteria, mimi ningeongeza klorini na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Chumvi, na madini yenye madhara kama floridi na aseniki, hakiondoi kabisa. Kama kisima chenu kimepimwa kikakutwa na hayo, usinunue hiki, tafuteni maji kwingine. Na kabla hujalipa kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti ya kufifia. Ufa mwembamba hauuoni kwa macho, ila maji yanauona.

Kwa watu watatu kimoja kinatosha. Sisi sita hakitutoshi, kwa hiyo nimeagiza cha pili, kwa mfinyanzi mwingine. Nimemwomba koki mbili za akiba, na anionyeshe kwa mkono wake namna ya kukiosha.