Glasi za kupulizwa kutokana na chupa kuukuu: uzoefu wangu

Nimetumia glasi sita na jagi moja za ushirika wa mafundi wanaoyeyusha chupa kuukuu na kuzipuliza upya kwa mdomo. Wengi hulalamikia viputo. Mimi sivihesabu kuwa kasoro: ni hewa iliyonaswa kati ya vigae vya chupa vilipokuwa vikiyeyuka. Kibaya ni kiputo kilichopasukia juu, hasa ukingoni. Pitisha kidole, ukihisi ukali, irudishe glasi.

Zaidi ya hapo, tafuta punje nyeupe isiyoyeyuka. Mara nyingi ni kipande cha kauri kilichoponyoka wakati wa kuchambua chupa. Kauri na kioo havisinyai kwa kiasi kimoja vinapopoa, hivyo kioo kinachoizunguka punje hubaki kimekazwa, na kinaweza kupasuka bila kuguswa. Glasi yangu moja ilikuwa nayo. Ushirika uliibadilisha bila ubishi.

Kazi yenyewe hasa inapimwa kwenye upoozaji. Kioo cha chupa hufinyangwa kikiwa kwenye nyuzi joto zipatazo 1,000 za Selsiasi, kisha chombo huingizwa katika tanuru la kupoozea, kwenye nyuzi 500 na kitu, joto lishuke polepole kwa saa nyingi. Fundi akiharakisha, nje huganda kabla ya ndani na mkazo hubaki humo. Kwa macho matupu huuoni. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta, shika miwani ya jua ya polaroidi (inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) mbele ya jicho, izungushe mpaka skrini iwe nyeusi, kisha weka glasi kati ya skrini na miwani. Iliyopoozwa vizuri hubaki nyeusi. Yenye mkazo hutoa mabaka ya mwanga.

Glasi zangu zote zilibaki nyeusi. Jagi lilionyesha mwanga hafifu pale mkono unapoungana na tumbo, kwa kuwa hapo kioo kinene kimekutana na chembamba. Kwa hiyo silitii chai wala maji ya moto, na likijaa nalishika kwa chini pia.

Kovu la fimbo ya chuma ambayo fundi hushikia chombo akikifinyanga, lililobaki kwenye kitako, lilikuwa likikwaruza meza katika glasi mbili. Msasa laini wa maji uliliondoa. Sugua kioo kikiwa kimelowa ili vumbi lisiruke. Ujazo hautoshani, na ukipima vikombe vya mapishi kwa glasi hizi utakosea.